Kutu ya Geti Langu Kunyimwa Heshima Inayopewa Kutu ya Maktaba

Kwako Msanifu Majengo, ambaye pia ni mtoto wa dada yangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Sisi huku ni wazima. Geti, ambalo ndilo sababu ya barua hii, nalo ni zima kwa maoni yangu, na si zima kwa maoni ya mkaza mjomba wako, yaani mke wangu. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unacheka mpaka salio linakwisha, na jambo hili halina kicheko hata chembe.

Unanijua. Mimi ndiye Mjomba Chuma. Jina hili sikulinunua dukani. Nilipokuwa kijana lori lilinigonga ubavuni. Mimi nikaenda kazini, lori likaenda gereji. Dereva wake mpaka leo akiniona anavuka upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo mtu akizungumzia chuma mbele yangu anazungumza habari za ukoo. Na wewe kipaji chako hicho hukukiokota chuoni. Ulipokuwa mdogo ulichora nyumba ya ghorofa kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule yangu, na mimi nikapiga marufuku ukuta ule kupakwa chokaa. Mpaka leo mchoro upo. Wageni wakiuliza nawaambia hilo ndilo jengo lako la kwanza, na mwenye kiwanja ni mimi.

Sasa, siku ya kufunguliwa kwa maktaba mpya uliyoisanifu nilikuwepo. Nilivaa suti. Nilikaa mbele kabisa, kwenye viti vya wageni rasmi, mpaka wageni rasmi walipofika. Niliona kwa macho yangu jengo zima limevishwa mabamba ya chuma yenye kutu kutoka chini hadi juu, na watu wazima wenye tai wanayapapasa na kupiga nayo picha. Mwanzoni nilidhani mkandarasi ametoroka, nikaanza kukuonea huruma. Ndipo uliposhika kipaza sauti ukasema kutu ile ni ya makusudi. Kwamba chuma kile kinalowa, kinakauka, kinalowa tena, na kutu ya juu inashikana kama ngozi ikakilinda cha ndani. Na kwamba hakihitaji rangi. Nilipiga makofi mpaka aliyekaa karibu yangu akahama kiti. Hapo nilikuwa nimeshasikia yote ya muhimu, nikaondoka kwenda kuwahi foleni ya soda. Mkaza mjomba wako alibaki kusikiliza mpaka mwisho, maana yeye hana mambo mengi.

Nilirudi nyumbani mtu mpya. Kwa sababu, mpwa wangu, geti langu lina kutu kuliko maktaba yako. Miaka yote hii natukanwa kwa sababu ya geti lile, kumbe nilikuwa mbele ya wakati! Hivyo basi, kwa heshima na taadhima, naleta malalamiko yafuatayo.

1. Kutu yangu inabaguliwa.

Kule maktaba inaitwa ubunifu. Huku kwangu inaitwa uvivu. Ili nisionekane nasema kwa wivu, nilifanya utafiti. Nilimega kipande cha geti upande wa chini (kilimegeka chenyewe, mimi nilikigusa tu), nikaenda nacho maktaba nikakiweka kando ya ukuta wako kulinganisha rangi. Vilifanana kama mapacha. Vilifanana kiasi kwamba mlinzi alinidaka mkono.

"Mzee, rudisha ulipobandua!"

Nikamwambia sijabandua kitu, hii ni mali yangu ya nyumbani, na isitoshe mimi ni mjomba wa jengo hili. Akasema juzi alikuja mwingine akajiita babu yake. Niliwekwa kwenye benchi mpaka mkutubi akalizunguka jengo lote kuhakikisha hakuna bamba lililopungua. Mtu mwingine angeona aibu. Mimi nilitoka pale kifua mbele, maana sasa tuna ushahidi wa mtu aliyeajiriwa kuutazama ukuta ule kutwa nzima: hakuna tofauti. Kipande changu walibaki nacho kwa uchunguzi. Naomba uwakumbushe kwamba ni cha kuazima.

2. Mkaza mjomba wako haiheshimu taaluma yako.

Hili ndilo linaloninyima raha. Jumapili hii wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu wanakuja kwetu kwa mara ya kwanza, wao na wazee wao. Mkaza mjomba wako ametamka, tena akiwa na mwiko mkononi: ama geti lipakwe rangi kabla ya Jumapili, ama wageni watapokelewa kwa kaka yake. Kaka yake unamfahamu, shemeji yangu, yule tunayemwita Bwana Mng'aro, mwenye geti la bluu lenye vichwa viwili vya simba, ambalo analifuta vumbi kabla hajapiga mswaki. Fikiria, mpwa wangu. Binti yangu wa pekee aje kuposwa mbele ya simba wa mtu mwingine! Na mimi baba mzazi nikae pembeni na sahani yangu, mzee wa upande wa pili aniulize kwa upole, "Na wewe ndugu, ni jirani?"

Nilimweleza mke wangu habari ya ngozi, kulowa na kukauka, neno kwa neno kama ulivyosema. Akanitazama, akacheka kwa pua, akasema, "Kutu ya maktaba imesoma. Hiyo yako haijafika hata mlango wa shule."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu unajua shule na mimi tuliachana tukiwa bado tunapendana.

3. Nimefuata utaratibu wote na hakuna aliyenipa hongera.

Tangu siku ile namwagilia geti asubuhi, naliacha likauke, namwagilia tena jioni, na chumvi kidogo ili kutu ikolee. (Kwamba chumvi jikoni imekwisha, hilo ni lalamiko la mtu mwingine, aandike barua yake.) Wapita njia wameanza kuniuliza litaota lini. Lakini matokeo ni makubwa. Komeo limeshikana na nguzo likawa kitu kimoja, kwa hiyo ulinzi umeimarika: mwizi hawezi kuingia, wala mimi. Napita kwa jirani na kuruka ukuta, na kwa umri wangu huo ukuta nauruka kama swala, jirani mwenyewe anashika kichwa akiniona.

Halafu geti limejitoboa matundu yenye maumbo ya kupendeza sana. Moja ni kama kuku anayelalia mayai, jingine ni kama ramani ya nchi ambayo bado haijagunduliwa. Wasanifu wenzako wanawalipa mafundi wakate matundu ya namna hiyo, langu limejichonga. Asubuhi jua likipita pale linamwaga madoa ya mwanga uani, na binti yangu akifagia anayakwepa, kana kwamba yanaweza kuchafuka. Nilipoona vile nilikaribia kutoa machozi. Nilijizuia kwa sababu ya jina langu.

Yapo pia yale maji mekundu yanayotiririka. Wewe pale maktaba umetandaza kokoto chini ya ukuta ziyapokee yasiharibu sakafu. Mimi kokoto sina. Nilichokuwa nacho hapo ni kamba ya nguo, na upepo ukayabandika kwenye geti mashuka meupe yaliyokuwa yamefuliwa kwa ajili ya vitanda vya wageni. Nilimwambia mkaza mjomba wako atazame upande wa pili wa jambo: sasa mashuka yanaendana na geti. Tangu hapo nalala sebuleni, chini ya ghorofa yako ya mkaa. Ni jengo zuri, ila halina blanketi.

4. Wanataka kunipaka rangi na mimi.

Naona nilifikiri kwa udogo. Kama kutu ni ngozi, kwa nini heshima iishie getini? Nimelitazama paa la jiko langu. Watu wanasema linavuja. Halivuji, linalowa na kukauka kwa ndani, jambo ambalo maktaba yako bado haijafikia. Nimetazama toroli, nimetazama sufuria kubwa, nimetazama shati langu lililotoboka viwiko. Vyote vimo katika fani moja. Kisha nikatazama kwenye kioo.

Mpwa wangu, mkaza mjomba wako amenunua rangi nyeusi ya nywele! Ameiweka juu ya kabati kama mtu aliyeweka mtego. Anasema baba wa yule kijana ana kichwa cheusi tii, na yeye hataki watu wadhani binti analetwa na babu yake. Nimekataa katakata. Mvi zangu zimepigwa jua, zimenyeshewa, zimeshikana, na sasa zinalinda akili iliyo ndani. Hazihitaji rangi. Mtu anayejipaka rangi, awe geti au awe binadamu, ana jambo analolificha, na mimi sina la kuficha tangu lile lori.

5. Kuhusu geti la Bwana Mng'aro.

Hili naliandika bila chuki. Je, kuna aliyewahi kuona kilicho chini ya ile bluu? Hakuna. Tunalisifia geti ambalo hatujawahi kukutana nalo! Kwa mujibu wa elimu yako mwenyewe, chuma kinachojiamini kinasimama uchi. Wale simba nao nina mashaka nao. Mmoja ana uso wa paka aliyekanyagwa mkia. Naomba itolewe amri mageti yote ya mtaa huu yenye rangi yakwanguliwe mpaka kwenye chuma chake ili ukweli ujulikane, na iundwe kamati ya kuyakagua. Mwenyekiti nipo. Msasa ninao.

Kutokana na hayo yote, naomba mambo machache tu, ambayo kwa mtu wa cheo chako ni madogo.

Njoo Jumapili mapema, ukiwa umevaa ile kofia ngumu ya kazini na ile fulana ya kung'aa, usimame kando ya geti langu. Wageni wakifika, kabla hawajasema lolote, wape yale maelezo ya kipaza sauti. Ukiweza njoo na kipaza sauti chenyewe. Vilevile nitengenezee kibao kama kile cha maktaba, kisomeke: KAZI HII NI YA MAKUSUDI. Kimoja kitundikwe getini na kingine kidogo nikibandike juu ya mfuko wa koti langu. Mwisho, mwambie mkaza mjomba wako, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba wageni wa binti wanapokelewa kwa baba yake, geti liweje. Hayo mengine yote hata ukiyasahau sitakununia. Hilo usilisahau.

Nisalimie dada yangu, mwambie bado nina hasira naye lakini nimesahau ya nini. Msalimie mumeo, na watoto, na yule fundi wako wa kuchomelea aliyenipa kiti siku ile. Mlinzi wa maktaba usimsalimie, mwambie tu nimemsamehe. Wa hapa wote wanakusalimu, ila mmoja ambaye hatuongei naye, lakini nimemsikia akiimba jikoni, kwa hiyo hajambo.

Mimi wako katika kulowa na kukauka,

Mjomba Chuma

Nyongeza: Nilikuwa naifunga bahasha nikasikia kishindo nje. Bwana Mng'aro alikuja kunicheka, akagonga geti kwa funguo zake, kwa adabu kabisa, mara mbili. Geti likalala. Halikuanguka, lilijilaza kama mzee aliyechoka na maswali, kisha likamwagika. Komeo peke yake ndilo limebaki kwenye nguzo, bado limefungwa. Mkaza mjomba wako akatoka na mwiko wake, akatazama, ndipo akanieleza ile sehemu ya hotuba uliyoisema wakati niko kwenye foleni ya soda: kwamba chuma chako kimechanganywa na shaba na madini mengine tangu kiwandani, na kwamba mtu asije akaenda kujaribu nyumbani kwa chuma cha kawaida maana hicho kinalika mpaka kinaisha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizi. Akasema alitaka kuona litaota lini.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini kwenye mabaki. Kisha akafuta macho, akasema, "Wewe ni baba, lakini mjomba wa huyu binti ni mimi. Unadhani ujomba ni kuandika barua tu?" Akaenda kung'oa geti lake kwenye bawaba. Sasa hivi ninavyoandika analifunga kwangu, simba wote wawili, na wageni watapokelewa hapa hapa nyumbani kwa baba. Kwa hiyo lile lalamiko la tano lifute, na la kwanza, na yale ya katikati. Wakwe wakiuliza, simba wale niliwafua mwenyewe kwa nyundo, na yule mwenye uso wa paka ndiye ninayempenda zaidi.

Kofia ngumu usije nayo. Njoo na mashuka meupe. Na ukifika usiliegemee geti, lilikwaruzika njiani tukalipaka upya, rangi bado mbichi. Kichwa changu nacho usikishike, kwa sababu hiyo hiyo.