Jiwe la Nabii wa Ndola

Haya alinisimulia Gasper mwenyewe, msimu uliopita wa kuchuma kahawa. Na kwa kuwa siku hizi ni mwongo mstaafu, namwamini kiasi chake.

Alikuwa akiranda na njaa yake sokoni Tunduma aliposikia Loisi, muuza dagaa, akimlilia mwenzake: mumewe Watson alivuka mpaka kwenda Zambia na malori, na tangu mvua za kwanza kimya. Gasper akatabasamu. Kesho yake akabisha hodi kwa Loisi amevaa koti refu, jina lake sasa Nabii Lucky wa Ndola, kule Zambia, akaamkia kwa Kibemba:

"Mulishani, bamayo! Mimi Kiswahili kidogo-kidogo. Shika jiwe. Likiwa la moto, mtu wako mzima."

Jiwe lilikuwa limetoka sasa hivi kwenye jiko la muuza maandazi.

"La moto!" Loisi akalia. "Watson wangu yu hai!" Mbio akamfungulia nabii beberu wa sadaka.

Kamba mkononi, Gasper alishaanza kunusa supu. Mara mama mkwe wa Loisi, Bibi Nesta, akatoka jikoni, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, akamsalimia kwa Kinyiha.

Sasa, mtoto aliyelelewa Isansa, kwa Wanyiha wenyewe, asalimiwe hivyo, abaki amesimama? Akili haijamfikia, Gasper yuko chini, anapiga makofi, anaitikia mpaka habari za shamba. Na makofi yanataka mikono miwili. Beberu akarudi zake kwenye majani.

"Kumbe Ndola wanasalimia vizuri," akasema Bibi Nesta. "Wewe wa nani?"

"Wa Jonasi, bibi. Wa Isansa."

"Eeh! Mjukuu wangu kabisa."

Loisi bado alikuwa amelikumbatia jiwe. "Na Watson?"

Uongo ulimjaa Gasper mdomoni, mtamu. Akautazama uso ule.

"Mama, sijui."

"Basi kaulize," akasema Bibi Nesta. "Kibemba unacho. Koti liache hapa."

Siku nzima nabii alizunguka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, lori kwa lori, hakuambulia hata ndizi. Jioni akarudi: dereva mmoja kamwona Watson, mwingine kasema siye.

"Kesho utaanzia kwa wale madereva wa Kitwe," akasema Bibi Nesta, akaenda kulala.

Loisi akafunika sahani ya Watson kama kila siku, akamrudishia Gasper jiwe, naye akaingia ndani. Lilikuwa la moto.

"Joto la mkono wake tu," Gasper akajiambia. Akajinyoosha jikoni, pembeni beberu akitafuna koti la nabii, akalishika jiwe kifuani, akisikilizia, mpaka usingizi ukamchukua.