Ulimi Ulioionja Divai ya Lumuma ya Mwaka 1973

Lumuma, Kilosa
Agosti 1974

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa, wala hujashika kikombe. Mimi ni katibu wa kikundi cha zabibu cha kijiji chetu cha ujamaa. Ninakuandikia kwa heshima zote kulalamikia makala ya mwandishi wako, Ndugu Theodory, aliyeionja divai yetu nyekundu ya mavuno ya mwaka jana kwenye maonyesho ya Saba Saba mjini Kilosa. Aliandika hivi: "Divai ya Lumuma ni nyekundu, na sifa zake zinaishia hapo."

Malalamiko yetu ni haya:

1. Ndugu Theodory hakuionja divai yetu, aliinywa. Aliyekuwa akimmiminia ni mke wangu, Yunis. Kila glasi ilipokwisha alimwambia, "Mama, ongeza kidogo, bado sijaielewa." Yunis akaongeza. Mpaka bendera inashushwa alikuwa bado hajaielewa, na ni sisi tuliomsindikiza hadi stesheni, yeye akiimba. Divai mbaya haimwimbishi mtu.

2. Anasema inanuka vitunguu. Ndugu Mhariri, Lumuma tunalima vitunguu, na mfereji unaonywesha vitunguu ndio unaonywesha zabibu. Hata vitabu vya nyimbo kanisani vinanuka vitunguu. Kasisi wetu naye ananuka vitunguu, na hakuna aliyewahi kuandika gazetini kwamba ubatizo wake una kasoro.

3. Anasema haina "mwili" kama divai za Ulaya. Hapo ametukosea sana, kwani zabibu zile zilikanyagwa na Samweli, na Samweli ni mtu mnene. Mwili umo. Isitoshe, anayesifia vya Ulaya mbele ya vya kwetu ameipa kisogo siasa ya kujitegemea. Sijui kama hapo ofisini mmeligundua hilo.

4. Hili la nne si la kucheka. Makala ilisomwa kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji. Mzee Hezekia ndiye aliyeileta mizabibu ile kutoka upande wa Dodoma, kwa miguu, miche ikiwa ndani ya gunia bichi alilolilowesha kila alipokuta maji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo kijana ana hakika?" Akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hajakanyaga shambani, na wakati wa kupogolea unapita. Mwenyekiti wetu, Ndugu Lazaro, sasa anataka mizabibu ing'olewe tupande vitunguu, kwa sababu, kasema, "Kitunguu hakijawahi kutukanwa gazetini."

Kwa hiyo tunaomba lifuatalo. Azimio la Arusha linataka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Ulimi unaoweza kuua shamba zima kwa sentensi moja ni njia kuu ya uchumi. Tunaomba basi ulimi wa Ndugu Theodory utaifishwe na ukabidhiwe kijiji, na mwenyewe aje nao, kwa kuwa hatuna ghala la kuuhifadhi. Atapewa nyumba na jembe. Atapewa pia makala ya kukanusha, ambayo tumekwisha kumwandikia. Yeye atatia sahihi tu.

Uwasalimie wapiga chapa wote, na mama na watoto nyumbani, na jirani zako hata wale msiosemezana. Ndugu Theodory naye umsalimie, ila kwa sauti ndogo.

Ni mimi, mjenga taifa mwenzako,
Kornelio, Katibu

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha lilipofika lori kutoka Mikumi. Ni watu wa hoteli moja ya kule barabara kuu. Wageni wao wameisoma makala na wanabishana kama kweli duniani kuna divai mbaya kiasi hicho, kwa hiyo wameagizwa warudi na pipa zima, na la mwakani wameliwekea nafasi. Mzee Hezekia amepita hapa sasa hivi na kisu chake cha kupogolea. Nimempa shikamoo, marahaba yake nimeisikia akiwa tayari ameshapinda kona. Tafadhali usiichapishe barua hii. Saba Saba ijayo umtume tena Ndugu Theodory, anywe atakavyo. Ila umsihi sana, Ndugu Mhariri, asije akaipenda.