Honi ya Lori na Mguu wa Kushoto wa Darcy Tregenza

Jumapili, 9 Julai

Mdomo huu utaniponza. Jana baada ya mechi, klabuni, kila meza ilikuwa Darcy Tregenza. Kiungo wetu mpya, miaka kumi na minane, anajifunza ufundi bomba. Eti timu kubwa za Melbourne zitamgombania. Eti Jumamosi ijayo msaka vipaji anakuja Kurrawinga kumtazama. Nikasimama. Nikasema miguu ile ya korongo haifiki popote, na wa kushoto hata hajui kama anao. Miaka hamsini na mitatu natazama mpira wetu wa Kiaustralia hapa, ule wa mikono na miguu. Viungo nawajua!

Glenys Pascoe, anayetawala jiko la klabu na chupa zote za sosi ya nyanya, akanijibu mbele ya watu. "Nev, si wewe uliyesema simu za mkononi hazitadumu?" Kicheko ukumbi mzima. Damu ikanipanda. Nikasema Jumamosi kijana hataugusa mpira mara thelathini. Akauliza naweka nini. Nikaweka nafasi yangu ya kuegesha gari.

Nafasi yangu! Ya kwanza kabisa kwenye uzio, karibu na milingoti ya goli ya upande wa maghala ya ngano. Marehemu baba aliegesha hapo tangu 1958. Niliujua mchezo huu nikiwa nimekaa juu ya boneti yake, blanketi magotini. Goli likiingia, honi ya nafasi ile hulia kwanza, magari mengine yote yanafuata. Na nikishinda napata nini? Glenys, anayeninyima sosi kila wiki, atanipa mara moja tu. Sikufikiri.

Mke wangu Dulcie alinipa mgongo. Aliosha sufuria moja kwa dakika ishirini.

Jumatatu, 10 Julai

Nimeanza kampeni. Nimejiandikisha kwenye ukurasa wa mashabiki mtandaoni kwa jina la Shabiki Asiye na Upande. Nikaandika kwamba yule Nev Grubb anasema kweli tupu. Watu saba wakanishambulia. Mmoja akasema Darcy ana macho nyuma ya kichwa. Nikamjibu kwamba mpira haupigwi kwa macho. Hoja nzito! Wawili walianza kulegea. Kisha nikamalizia kama ninavyomalizia barua zangu zote: Wenu mtiifu, Nev.

Glenys ameuchapa ujumbe huo na kuubandika juu ya tanuri la pai.

Jumanne, 11 Julai

Leo akili imefanya kazi. Nilimsubiri kijana baada ya mazoezi, nikamweka kando kama mjomba. Nikamwambia siri: msaka vipaji hana haja na mguu wa kulia, kila mtu anao. Anataka wa kushoto. Apige mikwaju mia mbili kila siku, wa kushoto mtupu. Hesabu yangu ni hii: kufikia Jumamosi miguu imekufa na kichwa kimevurugika.

Akanishika mkono kwa nguvu. "Asante sana, Bwana Grubb. Wengine wananisifu tu. Hakuna aliyewahi kuniambia ukweli kuhusu mguu huu."

Nilikula chakula cha jioni vizuri. Lakini si kwa raha kamili.

Alhamisi, 13 Julai

Mambo mazuri! Anapiga mpira kwenye ukuta wa klabu mvua ikimnyeshea. Mmoja umepanda juu ya bati. Mmoja umeingia bwawani. Mmoja umeangusha nguo za Glenys kwenye kamba, na zote zilikuwa nyeupe. Nilikaa garini nikacheka mpaka vioo vikajaa ukungu.

Saa kumi kijana akabisha mlangoni. Mama yake amenitumia mayai kumi na mawili, kwa wema wangu. Dulcie akayatazama mayai, akanitazama mimi. Hakuna nilichomwambia, lakini anajua yote. Akauliza kama nitaweza kuyala. Nikala mawili.

Ijumaa, 14 Julai

Mwenye busara huwa na mpango wa akiba. King'ora cha kumaliza muda uwanjani kwetu si king'ora. Ni honi ya lori la ngano la marehemu baba, aliipa klabu lori lilipokufa. Lori lile lilikuwa na honi mbili! Ya pili imelala bandani kwangu miaka yote. Leo nimeifunga chini ya boneti, na mtungi wake wa hewa. Nimeijaribu mara moja. Mbwa wa jirani bado hajarudi.

Kijana akikaribia thelathini, nitabonyeza. Wote watadhani muda umekwisha, watasimama.

Jumamosi, 15 Julai



Aliyehesabu ni Wal Tonkin, karani wa benki mstaafu, hacheki na mtu. Alisimama kwenye uzio na ubao wake akitangaza kila mguso. Robo ya kwanza saba. Kufikia mapumziko, kumi na tano. Robo ya tatu ikiisha, ishirini na mbili. Miguu ya kijana haikufa! Mikwaju mia mbili kwa siku imeinenepesha. Msaka vipaji, koti jeusi, alikuwa akila pai bila kuangalia pai.

Sekunde chache zimebaki. Wageni wako mbele kwa pointi nne, na goli moja ni pointi sita. Wal akatangaza: ishirini na tisa. Glenys akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama pembeni ya gari langu akipima upana wa nafasi kwa macho. Hapo nikabonyeza.

Ikalia! Wachezaji wakasimama. Wa kwetu wakashika viuno, wageni wakaanza kukumbatiana. Mpira ukabaki peke yake matopeni. Mwamuzi hakupuliza filimbi. Na aliyekuwa akimtazama mwamuzi ni mmoja tu: Darcy. Akauokota. Hakuna aliyemzuia, wote niliwasimamisha mimi. Thelathini! Pembe ilikuwa mbaya, upande usiofaa kwa mguu wa kulia. Akapiga wa kushoto. Mpira ukapita katikati ya milingoti kama umetumwa dukani.

Tumeshinda. Kwa pointi mbili!

Kwa sekunde moja hakuna aliyejua kama ni halali. Mwamuzi wa goli akanyoosha vidole viwili: goli halali. Sasa honi ya kwanza ni ya nani? Ya nafasi yangu. Nilikuwa nimeapa moyoni sitampigia yule kijana honi hata siku moja. Nikaipiga mpaka mtungi ukaisha hewa. Nililia pia, lakini hilo lisitoke humu.

Jumapili, 16 Julai

Nimekabidhi nafasi. Glenys ameleta kigari chake cha njano, kikiingia hapo kinaacha nusu ya nafasi wazi. Uchungu! Kamati imeichukua honi pia. Mimi nimepewa nafasi ya mwisho, nyuma ya choo cha wanaume. Milingoti naona mmoja.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, Dulcie amesema. Ndiyo sentensi yake ya kwanza tangu yale mayai.

Alhamisi, 20 Julai

Darcy ameitwa Melbourne kufanyiwa majaribio. Gazeti la wilaya limemuuliza nani alimfundisha mguu wa kushoto, akanitaja kwa jina. Nimenunua nakala sita. Klabuni nimeeleza kwa kirefu kwamba kipaji kile nilikiona tangu mwanzo, na kwamba honi ilikuwa sehemu ya mafunzo.

Nikiwa bado nimesimama, akapita mdogo wake Darcy, Tully, miaka kumi na sita. Watu wakaanza tena, eti huyu atampita kaka yake. Jamani! Mtoto ana miguu bapa kama bata. Nikasema wazi kwamba hafiki popote. Viungo nawajua.

Glenys akauliza safari hii nitaweka nini, maana sina kitu. Nikamwambia nina nafasi ya nyuma ya choo. Amekubali haraka kuliko nilivyotarajia. Kesho namfuata Tully nimpe ushauri kidogo.