Mama Mdogo wa Kukodi

Katika mji ule wa jangwani kila kitu kiliuzwa, hata kivuli. Aliyeuza kivuli alikuwa kijana mmoja mwembamba mwenye shati safi na viatu vya kuazima. Kila asubuhi aliuteka ukuta wa stendi ya mabasi, akaukata ubaridi wake vipande vipande na kuwapangisha abiria. Jua likisogea, aliwaarifu wapangaji wake, kwa huzuni kubwa, kwamba muda wao umekwisha na upande wa pili unalipiwa upya. Ndiyo maana watu walimwita Waziri Kivuli. Yeye alilipenda jina hilo, ila neno la pili aliliona la ziada.

Siku hiyo basi la mbali lilitapika abiria wake. Walishuka kama watu wote wanavyoshuka mji ule: wakikohoa, wamefunika pua, wakimuuliza dereva kama ana hakika ndipo hapa. Kisha akashuka mama mmoja wa makamo, kofia pana kichwani, begi mgongoni kama mwanafunzi. Akalitazama vumbi likijisokota katikati ya stendi kama mlevi anayetafuta wa kugombana naye. Akamtazama mbuzi aliyekuwa akitafuna bango la uchaguzi. Akatabasamu.

Waziri akasimama wima. Mtu anayeshuka pale akitabasamu ana moja kati ya mawili: wazimu au fedha. Na wenye wazimu hawavai soksi nyeupe.

"Shikamoo, mama! Karibu kwenye lulu ya jangwa."

"Marahaba, mwanangu. Lulu yenyewe iko wapi?"

"Umeikanyaga."

Mama akainua mguu, akachungulia. "Haya ni mavi ya mbuzi."

"Mji wetu una mengi, mama. Hufunuka kidogo kidogo."

Mama akacheka mpaka kofia ikayumba. Alikuwa amestaafu, alisema, na alitaka kuliona jangwa kabla magoti hayajamgomea. "Lakini mfuko wangu mwembamba kuliko wewe. Nataka nizungushwe kila mahali, nilale pazuri, nisitozwe sana. Na mimi hulipa siku ya kuondoka. Ukimlipa mwenyeji mapema, chai yake huwa maji."

Waziri karibu ambusu. Bili ya mwisho ni kama donge la mkate: ukiliacha muda mrefu, linaumuka lenyewe. Atatozwa kitanda, atatozwa maji, atatozwa upepo utakaopita dirishani.

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kinene: kaka yake. Walikuwa baba mmoja, mama mbalimbali. Kaka aliendesha boza la maji, hakujua kusema uongo wala kuusamehe, na alimpa Waziri chumba cha uani bure. Kilikuwa chumba kidogo, lakini kilikuwa na mlango unaofunga na dirisha lililoupa upepo kisogo. Katika mji ule, mtu asiye na mlango hula mchanga kama chakula cha jioni. Sasa, mgeni wa mwisho wa Waziri alilazwa juu ya paa, chini ya turubai, na upepo ukamchukua yeye na turubai mpaka uani kwa jirani. Kaka ndiye aliyeitwa ofisi ya mtaa kujieleza. Aliporudi alisema neno moja tu: "Nikikuta tena mgeni wa kulipa humu ndani, chumba utakisahau."

"Kwa hiyo, mama," Waziri alieleza njiani, "ukifika nyumbani utakuwa mama mdogo wangu. Mdogo wake marehemu mama. Watu wa upande wa mama hakuna anayewajua pale. Ni neno tu, la kupitia mlangoni."

"Mama mdogo," mama alisema, akilionja neno. "Nami nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Kaa tu kama ndugu."

"Kama ndugu," alirudia taratibu.

Hapo kengele ililia, lakini masikio ya Waziri yalikuwa yamejaa bili.

Walipoingia uani, mama alimtazama kaka mtu, akadondosha begi, akaangua kilio. "Kumbe wewe ndiye uliyemtunza mtoto wa dada yangu! Dada yangu angekuona!" Kaka alikuwa amewapelekea maji watu wa mji mzima na hakuna hata mmoja aliyewahi kumshukuru kwa machozi. Naye akalia, mpira wa boza mkononi. Mkewe alikimbia kuandaa chai, akaitia sukari ambayo kwa Waziri siku zote ilikuwa "imekwisha".

"Na huyu mtoto analala wapi?" mama aliuliza baada ya kikombe cha pili.

Wakamwonyesha chumba.

"Kizuri. Na mimi?"

Wote wakamtazama Waziri. Jioni ile ile akapanda juu ya paa na godoro lake.

Hakuwa na kinyongo. Paa nalo liliingia kwenye bili, kama usumbufu. Akaanza kumtembeza mama mjini. Makumbusho ya Usafiri yalikuwa uwanja wa malori yaliyokufa. Maporomoko yalikuwa bomba lililopasuka nyuma ya ofisi ya maji, ambako mbwa huoga kwa zamu. Machweo yalitazamwa kutoka nyuma ya kiwanda cha saruji, mahali ambapo jua huonekana kama kiini cha yai kilichodondoka jikoni. Mama alipenda kila kitu, na aliuliza kila kitu. Wageni hushukia mlango gani? Wakilalamika huwaambia nini? Nani hukasirika, nani huona haya? Waziri, ambaye hakuwahi kuulizwa lolote ila "hela yangu iko wapi", alimwaga siri zote. Fundi akisifiwa husahau kufunga sanduku lake.

Siku zikapita na mama hakutaja kuondoka. Waziri akaona bora ajisogeze. Alimkuta uani, amekalia kiti cha kaka, miguu kwenye ndoo ya maji.

"Mama, nimeona nikuletee bili ndogo ya—"

"Bili?" Sauti ya mama ilipaa kama adhana. "Mtoto anamtoza mama yake bili?"

Kaka, aliyekuwa chini ya boza akikaza nati, alitoa kichwa. "Nani anamtoza nani?"

"Pilipili, kaka! Mama anauliza kama tuna pilipili."

"Zipo kibao," shemeji alijibu kutoka jikoni.

Kichwa kikarudi chini ya boza. Waziri akanong'ona kwa meno: "Mama, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana niwe ndugu," mama alinong'ona naye, mpole kama mtu anayembembeleza mtoto. "Nimekuwa. Kuna mahali nimekosea?"

Kuanzia hapo mabasi yakaanza kumletea Waziri ukoo. Akaja mjomba mwenye kamera. Wakaja binamu wawili waliokuwa wamefahamiana kwenye basi. Mama ndiye aliyekwenda stendi kuwapokea, akawalaza kwenye mikeka chumbani kwa Waziri, akawatembeza kwenye Maporomoko kwa maneno ya Waziri neno kwa neno. Walichompa huko njiani kilibaki huko njiani. Wakiondoka, walimkumbatia kaka, naye aliwasindikiza hadi getini huku uso unang'aa.

"Kumbe una watu, mdogo wangu," alimwambia Waziri. "Nami nilikuwa nakuonea huruma."

Waziri alisaga meno. Kila asubuhi aliteremka kutoka juu ya paa akiwa na mchanga puani na masikioni. Akisema kweli, atafukuzwa kwa kuleta wageni wa kulipa. Akinyamaza, chumba ndicho hicho kinakwenda. Akangoja mama ateleze.

Na ikaonekana ameteleza. Asubuhi moja, wote wapo kwenye chai, mgeni mpya mwenye miwani alijitambulisha kwa furaha: "Mimi ni shangazi yake Waziri, upande wa mama."

Waziri aliruka, kikombe kikamwagika. "Kaka! Umesikia? Shangazi wa upande wa mama! Tangu lini? Shangazi ni dada wa baba! Hata mtoto wa chekechea anajua!"

Kaka akaacha kutafuna. Mwenye miwani akameza mate. Mama mdogo alimalizia funda lake bila haraka.

"Shangazi yangu mimi," alisema. "Dada wa babu yako. Tumezoea kumwita hivyo wote, wakubwa kwa wadogo. Ungekuwa unakuja kwetu ungejua."

"Uongo!" Waziri alipiga kelele. Maji yalikuwa yamefika shingoni, akaamua kuogelea. "Kaka, huyu si mama mdogo wangu! Nilimwokota stendi! Hawa wote ni wageni wa kulipa, naapa!"

Shemeji alishika kiuno.

"Mama yako," kaka alisema polepole, "umemwokota stendi?"

"Kaka, leo nasema kweli!"

"Hiyo ndiyo unayoisema kila siku." Kaka hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Uongo wako niliuvumilia kwa sababu nilidhani huna wa kukufunza. Sasa wamekuja, wamekaa, wamekulilia, na wewe unawakana mbele ya chai yao. Chumba ni cha mama. Nenda."

Ukweli wa kwanza wa maisha yake, nao ndio uliomtoa nje ya geti.

Alikaa juu ya godoro lake lililokunjwa. Mbali, nyuma ya kiwanda cha saruji, upepo ulikuwa umeanza kuinua mkia. Geti likafunguka, mama mdogo akatoka na kikombe cha maji. Waziri akayanywa yote.

"Kwani wewe ni nani hasa?"

"Mtalii," mama alisema. "Wa bajeti ndogo."

Wakautazama upepo ukija. Waziri akameza kiburi pamoja na mchanga. "Juu ya paa hakuna mtu. Niruhusu hata pale. Ukimwambia kaka atakubali."

"Atakubali. Hanikatalii kitu."

Waziri akajitwika godoro. Mama akaweka mkono kwenye komeo.

"Ngoja kwanza. Umetukana mbele ya watu."

"Mimi? Sijamtukana mtu!"

"Sisemi matusi. Umetukana sisi, ndugu zako. Umesema hatukuhusu, watu wote wamesikia." Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa, kisha akafungua kiganja. "Ndugu hulala bure, mwanangu. Lakini wewe sasa ni mgeni, na mgeni hulipa kabla ya kupanda."