Mawe Ishirini na Stoo ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Leo mwalimu wa miamba ametutajia kazi zinazomngoja msomi wa jiolojia: migodi, mafuta, barabara, mabwawa, visima. Nimependa visima. Nina miaka arobaini na minane. Kisima hutulia mahali pamoja, nami vilevile. Timu ya kutafuta maji ina nafasi moja ya mafunzo kazini. Ataipata atakayeongoza mtihani wa vitendo wa Ijumaa: kutambua mawe ishirini. Nikikosa, mke wangu amesema nirudi stoo kwa kaka yake. Shemeji ameshaniwekea kiti. Kina miguu mitatu.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu kusoma. Mawe yote yanafanana kama watoto wa baba mmoja! Fundi wa maabara akatuelekeza: kwaruza, dondosha asidi uone kama linatoa povu, na lile la udongo ligusishe ulimi, litanata. Nikamwambia mimi ni baba wa watoto watatu, silambi mawe. Kipanga akalamba papo hapo, akapatia. Huyu ni binti wa darasani kwetu, rika la kifungua mimba wangu, na ndiye mpinzani wangu. Ameniambia tusome pamoja. Nimemshukuru, nikakataa. Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimekauka siku nyingi.

Jumatano, 5 Machi
Akili nywele, na zangu zimebaki chache lakini zinafanya kazi. Mawe ya mtihani ni ya aina tano tu. Nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu. Fundi alipokwenda kula, nikafungua daftari lake la majibu, nikatia vidoa chini ya kila jiwe: kimoja granaiti, viwili chokaa, vitatu mchanga, vinne marumaru, vitano udongo. Kazi safi! Jioni mke akauliza chupa yake iko wapi. Nikasema sayansi imeihitaji. Akataka kujua sayansi hiyo ina kucha ngapi.

Ijumaa, 7 Machi
Mtihani. Jiwe la kwanza: vidoa vitano. Udongo! La pili: vitano. Udongo tena, haya. La tatu, vitano. Kufika la saba, jasho limeshuka hadi soksi. Yote ishirini yana vitano! Nikaandika udongo mara ishirini. Mwanamume hageuki njiani.

Nilipotoka nikamkuta fundi mlangoni, kifua mbele. Akanieleza kuwa jana ameona mwalimu ameanza kuweka alama kwenye mawe akaachia njiani, mengine kidoa kimoja, mengine vinne.

“Kazi nusunusu siipendi,” akasema. “Nimeyasawazisha.”

Jumatatu, 10 Machi
Matokeo. Nimepata manne. Kipanga kumi na tisa. Mwalimu akaniita ofisini, akanitazama kwa huruma.

“Mzee mwenzangu,” akasema, “mawe ya udongo pale yalikuwa manne tu. La tano lilikuwa limeshika kalamu.”

Nimepewa mtihani wa marudio. Shemeji amepiga simu: kiti kimeongezwa mguu.

Jumanne, 11 Machi
Kipanga amenifuata. Amewaambia watu wa visima kwamba hawezi kubeba vyombo peke yake, wakakubali kumchukua mtu wa pili, mradi amefaulu marudio. Amenitaja mimi.

“Mzee, kubali nikufundishe,” akasema. “Huko porini nitacheka na nani?”

Nikapiga chafya ya uongo nipate sababu ya kufuta macho. Mchana mzima tumekwaruza na kudondosha asidi. Nimelamba jiwe! Likanata kweli. Mpaka saa kumi na moja nilikuwa natambua sita bila kukosea. Kumbe ni rahisi.

Jumatano, 12 Machi
Ni rahisi, lakini ni polepole. Nimechukua mizani ya jikoni, nikajifungia maabara. Rangi husawazishwa; uzito nani atausawazisha? Nimeshapima kumi na mawili na kukariri gramu zake zote. Kipanga amekuja kunionya kwamba kila marudio fundi huvunja vipande vipya.

Mtoto mzuri yule, ila ana wivu.