Firigisi za Hakimu

Jumatatu, 6 Oktoba

Hakimu hajala. Jana hakula, leo hakula. Nimempa omena, dagaa wa ziwani. Ameitazama omena, akanitazama mimi, akaenda zake nyuma ya kabati kuutazama ukuta. Ndivyo anavyofanya siku hizi. Anakaa ameuelekea ukuta na kulia kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Ukutani hamna kitu. Nimeangalia. Asubuhi nimetia mguu kwenye kiatu changu cha kanisani nikakuta amekojoa humo. Kiatu cha kushoto. Cha kulia hakukigusa. Kwa nini?

Jina hilo alipewa na mke wangu Nasambu, kwa vile paka huyu hukutazama kana kwamba umekwisha kupatikana na hatia. Nasambu mwenyewe yuko Chekalini kwa binti yetu Sylvia. Alikwenda kumsaidia na mtoto mchanga, akasema atakaa mwezi. Mwezi umekwisha, mtoto amenenepa, na Nasambu hajarudi Shianda. Sylvia anamshawishi abaki hadi Krismasi. Amempa hata chumba chake mwenyewe, dirisha linaangalia shamba la mahindi. Nasambu amemjibu kwamba hawezi, kwani Hakimu atabaki na nani?

Hakimu! Si Baba Sylvia atabaki na nani. Hakimu.

Basi mambo ni wazi. Paka huyu akifa, mke wangu hana sababu ya kurudi. Nitabaki hapa mimi na miwa ambayo hakuna anayekuja kuikata.

Jioni amepiga simu kuuliza Hakimu yuko aje. Nimesema yuko sawa kabisa, leo ameshika panya. Ameuliza kama alikuwa mkubwa. Nimesema mkubwa. Kadiri nilivyozidi kuzungumza ndivyo panya alivyozidi kukua, hadi akafika kimo cha sungura. Habari za mgongo wangu hakuuliza.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempata Khisa, daktari wa mifugo. Alikuja kwa jirani yangu Osundwa kumtazama ng'ombe, nikamvizia langoni na kumvuta hadi kwangu kabla hajavaa kofia ya pikipiki. Ameuliza mgonjwa amezaa mara ngapi. Nimemwambia ni dume. Ameuliza kama anacheua. Nimemwambia ni paka. Akasema anaona ni paka, lakini lazima mtu aanzie mahali.

Alipotaka kumfungua mdomo, Hakimu akamng'ata kidole. Khisa akafurahi sana! Amesema mnyama mwenye meno ya namna hiyo hana ugonjwa. Huku akifunga kidole kwa kitambaa ameniachia dawa ya minyoo ya ndama, nimkatie kipande kwa kukadiria. Nimekadiria. Hakimu amekitema. Nikakata kingine, nikamwonyesha jinsi ya kumeza. Yeye hakumeza. Mimi nilimeza.

Mchana wote nimeshinda chooni. Jioni nimemwambia Nasambu kwamba Hakimu amenenepa.

Jumatano, 8 Oktoba

Osundwa amekuja kutoa pole. Osundwa hatoi pole, anakuja kuangalia. Ana paka mnene asiyefanya kazi yoyote, na leo alimbeba mkononi ili Hakimu amwone. Amesema wangu ametazamwa na jicho baya. Baadaye akasema ni uzee. Alipomaliza chai yangu akasema ni mimi, kwamba mnyama akikaa na mtu mwenye huzuni naye hushuka. Nimemwambia mimi sina huzuni hata kidogo. Akaitazama meza yangu, ambayo kwa kweli haijafutwa tangu Nasambu aondoke.

Ametoa na shauri. Niende soko la Mayoni nitafute paka mwingine wa rangi hiyohiyo, Nasambu hatajua. Nimemkemea. Mtu mzima kufikiria udanganyifu wa namna hiyo!

Nimefika Mayoni saa sita. Kulikuwa na mmoja wa kijivu, mzuri, lakini Hakimu ana sikio lililochanika na huyu alikuwa na masikio yake yote. Nimesimama pale muda mrefu nikilifikiria sikio lile. Nimerudi nyumbani mikono mitupu, na nimeona haya.

Hakimu amemeza maji kidogo, akayatapika juu ya kitambaa cha kochi alichokishona Nasambu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amekula! Amekula!

Nilichinja kuku mmoja wa Nasambu. Alikuwa anachechemea, au niseme alitembea kwa namna ambayo mtu angeweza kuiita kuchechemea. Nilikuwa nafikiria mchuzi. Nikamwekea Hakimu nyama, akakataa. Ini, akakataa. Nilipoitoa firigisi nikaiosha, nikasikia kitu miguuni. Hakimu! Ametoka ukutani kwa miguu yake mwenyewe! Ameichukua mkononi mwangu na kuitafuna yote, macho ameyafumba.

Nimelia. Sioni haya, hii ni shajara yangu.

Tena ieleweke nilichotoa. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba yangu alikula firigisi, na babu yangu. Tangu nioe, kuku hajapikwa nyumbani kwangu bila firigisi kuja kwangu, na kama kuna mgeni wa heshima, mimi ndiye ninayeitoa kwa mkono wangu kumpa. Leo nimempa paka. Akamaliza, akajilamba, akarudi ukutani kulia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tatizo. Kila kuku ana firigisi moja tu.

Jana nimechinja, leo nimechinja. Hakimu anakula firigisi, hagusi kingine, na hanenepi. Mbavu zake zinahesabika. Mimi ndiye ninayekula kuku asubuhi, mchana na jioni, hata nikiona manyoya tu nageuza uso. Banda linazidi kuwa kimya. Jogoo ananitazama.

Halafu simu ya jioni! Nasambu amesema kwa furaha kwamba amemwambia Sylvia sawa. Atakaa hadi Krismasi. Kama Hakimu ni mzima na amenenepa na anashika panya wakubwa namna ile, hana haraka. Akanishukuru kwa kumtunza.

Mdomo wangu mwenyewe!

Nimesema haraka kwamba Hakimu anaumwa. Hali, analia, anatapika. Halafu akaniambia, pole pole, "Baba Sylvia, jana alikuwa anashika panya, leo anakufa? Wacha kunivuta na mnyama." Akakata.

Nimekaa jikoni hadi chai ikapoa. Nimesema ukweli mara moja tu wiki hii, na ndio huo haukuaminiwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada nimemwendea Pasta Osiako, nikamwambia nina mgonjwa nyumbani. Nilikuwa naelekea kusema ni paka. Kweli kabisa. Lakini Pasta akanishika bega, na wamama waliokuwa karibu wakageuka wakanitazama kwa huruma, mmoja akasema pole sana ndugu yetu, na ni muda mrefu mtu hajanitazama hivyo. Nikasema ahsante. Nikasema hali ni mbaya. Nikasema tumwachie Mungu.

Wanakuja Jumanne. Pasta, wazee wawili wa kanisa na mafuta ya kupaka mgonjwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mpango. Dorothy, mke wa Osundwa, amekubali kuja kunipikia wageni. Kuku amebaki mmoja, na jogoo. Wageni wakishashiba nitawaambia kwa upole mgonjwa ni nani. Mtu aliyeshiba hakasiriki. Wamwombee, apone, nimwambie Nasambu ukweli wote kwa mpangilio mzuri. Naona mwanga.

Hakimu leo hajala chochote. Yule kuku namhifadhi kwa ajili ya kesho.

Jumanne, 14 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Dorothy amepika vizuri, hilo lazima niseme. Kuku ametulia kwenye sufuria. Mimi nilikuwa napita pita jikoni. Hakimu alikuwa chumbani, hajala tangu Jumamosi, na sauti yake ilikuwa imeanza kukauka. Dorothy akatoka kuchota maji. Mkono wangu ukaingia kwenye sufuria. Sikumbuki kuutuma.

Wageni wakaketi. Pasta akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema amepumzika. Osundwa naye alikuwapo, hakualikwa. Chakula kikaletwa, tukashukuru, na kila mtu akangoja. Maana kila mtu anajua kinachofuata: mwenye nyumba huichukua firigisi na kumpa Pasta. Nikageuza vipande. Nikavigeuza tena. Nikachokoa chini ya bawa kama mtu anayetafuta kweli.

Osundwa akauliza mbele ya watu wa Mungu, "Dorothy, imondo ya Pasta iko wapi?"

Mama wa watu akasimama. Mwanamke kuambiwa amekula firigisi ya wageni, tena katika nyumba ya jirani! "Mimi sikulangi hiyo kitu," alisema. "Tangu nizaliwe sikulangi!" Akanitazama mimi ili niseme neno. Na mimi nikaitazama dari. Ina madoa ya mvua upande wa mlango, nitafute fundi.

Ndipo Hakimu akatoka chumbani. Akapita katikati ya sebule taratibu, akasimama mbele ya Pasta, akakunja mgongo, akatoa sauti ile, na kuitapika firigisi kando ya kiatu cha Pasta Osiako. Nzima. Hata hakuitafuna.

Pasta akauliza kama huyo ndiye mgonjwa. Nikasema ndiye.

Pasta ni mtu mwema. Ameomba, ingawa kwa ufupi. Jina la Hakimu lilitajwa mara moja. Langu lilitajwa sana. Dorothy amebeba sufuria yake na kwenda bila kuniaga, na Osundwa amemfuata akiwa amebeba paja la kuku.

Jumatano, 15 Oktoba

Dorothy amempigia Nasambu simu. Najua kwa sababu Osundwa amepita kuniambia. Nasambu amesimuliwa kila kitu: Pasta, firigisi, dari. Na kuku wote.

Leo simu yangu haikulia. Nimeiweka mezani ikinielekea. Hakimu hakula. Mimi pia sikula. Mchana nimekwenda nikaketi naye nyuma ya kabati ili nione anachokiona. Ni ukuta tu, una ufa mdogo. Tumeutazama pamoja. Baada ya muda nimegundua kwamba si mahali pabaya, isipokuwa mtu hutaka kulia.

Ameegemea goti langu. Ni mwepesi kama gazeti. Nimemwambia asife. Nimemwomba kabisa, kwa maneno, kama mtu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nasambu amekuja!

Amekuja bila kunijulisha. Kwanza ameuliza kuku wake wako wapi. Nimesema mwewe. Ameenda nyuma, ametazama shimo la taka lililojaa manyoya, amerudi na kuuliza kama mwewe huyo alikuwa na kisu. Sikuendelea na hoja hiyo.

Kisha akamchukua Hakimu mapajani. Amemkagua meno, amembonyeza tumbo, amemnusa masikio. Akafinyanga tonge la ugali akampa, naye akalila! Ugali mkavu! Nikahisi wivu mkali. Dakika chache baadaye akautapika ndani ya mkoba wa Nasambu, juu ya picha za mjukuu. Akaruka chini, akaenda ukutani kulia.

Nasambu akakaa kitako. Amesema hajui. Nasambu, ambaye hujua kila kitu, hajui! Nimefurahi vibaya. Sasa tulikuwa wawili tusiojua, tumekaa kwenye kochi moja tukiusikiliza ukuta, na nyumba ilikuwa na joto kidogo.

Halafu akasema bila kunitazama. Kwamba wiki zote hizi, kila alipopiga simu, alikuwa akingoja niseme mimi mwenyewe ninataka arudi. Si paka. Mimi. Ningesema mara moja tu, angefunga mzigo siku hiyohiyo.

Nilikuwa na maneno, yalikuwa tayari, nayajua moja moja. Nikafungua mdomo.

Nikasema Hakimu amepiga chafya asubuhi.

Jumanne, 21 Oktoba

Nasambu amerudi Chekalini jana. Mtoto anabatizwa Jumapili, na mambo ya pale hayajakwisha. Alisimama mlangoni na mkoba wake muda mrefu kuliko inavyohitajika kufunga kitufe. Akauliza kama kuna jambo lolote nataka kumwambia. Nikasema asiwe na wasiwasi, nitamtunza Hakimu vizuri. Akasema sawa, Baba Sylvia. Hakusema atarudi lini. Nimemtazama hadi akapotea kwenye kona ya miwa, na jioni nikaosha kikombe alichonywea, halafu nikakiosha tena.

Leo balaa jipya. Hakimu amepona! Amekula omena. Amekula ugali. Hajatapika. Amehama ukutani mwenyewe, na mchana ameniletea panya, panya wa kweli, wa kimo cha kawaida, akamweka ndani ya kiatu cha kushoto. Kilichomponya sijui, kama nisivyojua kilichomuumiza. Saa mbaya kuliko zote! Nasambu akijua yu mzima, hatarudi hadi Krismasi. Labda hadi Pasaka.

Nimejaribu kukohoa karibu naye, huenda akaiga. Ananitazama tu, kwa namna yake ile.

Lakini nina mpango. Akipiga simu leo nitamwambia asikilize mwenyewe, kisha nitaiweka simu nyuma ya kabati na kulia kwa sauti ileile ya Hakimu. Nimefanya mazoezi tangu saa tisa. Mwanzoni ilikuwa nyembamba, sasa inatoka yenyewe, siwezi hata kuizuia.

Osundwa ameisikia kutoka ng'ambo ya ua. Ameuliza ni nani huyo analia hivyo kwangu.

Nimemjibu ni paka.