Neno "Mpakato" Lifutwe

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Maneno Mapya.

Salamu kwako na kwa wote mnaokaa kutwa mkitafuta vitu vya kuvipa majina. Mimi ni mke wa fundi redio mstaafu, na ninakuandikia kwa heshima zote, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo. Kazi yenu imeniharibia nyumba.

Nyinyi ndio mliopitisha kwamba kompyuta ya kubebeka iitwe "mpakato". Sasa mume wangu anakusanya kompyuta hizo, zile za zamani zinazotupwa na ofisi, na neno lenu amelishika kama amri. Mashine ikiingia ndani, lazima ipakatwe. Sisi wengine tulipozaliwa tulikuta kinachopakatwa ni mtoto. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine ya kwanza kuja tunaiita Sanduku. Lina mpini, lina uzito wa mtungi wa gesi uliojaa, na kioo chake ni kidogo kuliko kipande cha mkate. Mume wangu alilipakata tangu asubuhi, eti aonje lilivyokusudiwa. Alipotaka kusimama, miguu ikagoma. Tulimnyanyua mimi na jirani yetu mshonaji, kila mmoja na kwapa lake.

2. Kila mashine hupigwa picha pande zote juu ya shuka langu jeupe, kisha huandikiwa maelezo. Juzi nikasoma: "Ya zamani lakini imetunzwa. Bawaba zinalia. Inachelewa kuwaka, ikishawaka ina kelele." Nilimfuata sebuleni na mwiko mkononi, nikijua kaniandika mimi. Kumbe ni Sanduku. Aliniapia nikakubali, ila mwiko sikuushusha upesi.

3. Viti vyote vimekaliwa na mashine, kwa hiyo mgeni akija anaombwa apakate. Shemeji yangu alikuja kutujulia hali akaondoka hajanywa hata maji, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia historia.

4. Hili ndilo linaloniuma, na hapa sitanii. Binti yetu amejifungua, ametuletea mjukuu wetu wa kwanza, mzima, mnene, ananukia maziwa. Tangu wafike, babu yake hajampakata hata mara moja. Akipewa anasema mapaja yana kazi, halafu ananyakua mashine iliyo karibu. Binti anacheka mbele yake, kisha anakuja kulia chumbani kwangu. Mwenyekiti, mtoto anakataliwa kwa kuwa hana mpini?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, neno hilo lifutwe kwenye kamusi, na vitu hivyo viitwe "mizigo" kama mizigo mingine. Kama hamtaki, wajumbe wote mje hapa kwangu mpakatishwe mashine moja moja, mpaka neno liwatoke wenyewe. Na hilo likiwashinda, basi tangazeni rasmi kwamba mjukuu wangu ni kompyuta. Sifa zote anazo: anabebeka, anapata moto, anapiga kelele, na hakuna anayejua pa kumzimia.

Nisalimie wajumbe, nisalimie katibu, wasalimie na wake na waume zao wanaowavumilia. Yule aliyelitunga neno hili mwambie namtafuta.

Ni mimi, mwenye shuka chafu,
Mke wa Fundi Redio.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimepita sebuleni. Nimemkuta amepakata ile mashine ndogo kuliko zote, ameiviringishia shuka langu, kiganja kakiweka nyuma ya kioo kama tunavyoshika shingo ya kichanga, anaibembeleza. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akanijibu bila kuinua macho, "Hii nikiidondosha najua kuitengeneza."

Jamani! Kumbe mtu mzima anafanya mazoezi, na mimi huku namwandikia mashtaka. Nimemwita binti, tumemnyang'anya mashine tukamwekea mtoto. Sasa hivi mjukuu amelala fofofo mapajani pa babu yake, na babu mtu hathubutu hata kukohoa. Binti analia tena, ila safari hii analia huku anapiga picha.

Basi neno msiliguse, ni zuri sana. Shida ni moja tu: Sanduku nimekabidhiwa mimi, nimelipakata, na maneno haya nayaandikia juu yake. Miguu siisikii, na mshonaji leo hayupo.